Mirathi ya Aliye Hai

Nilikwenda Vumani kununua chokaa. Safari yenyewe naiacha, maana nani alitapika wapi na mizigo ya nani ililowa si habari ya kumfaa mtu. Mimi ni mwashi, shule niliiacha mapema, na nikiona kitu nakisema kama kilivyo. Nchi ipo. Watu wake ni wapole, wali wao mtamu, na mambo yao nitayaeleza bila kuyaongeza, kwa kuwa yaliyohitaji kuongezwa waliyaongeza wenyewe.

Vumani ni nchi nyembamba iliyolala kando ya bahari. Mbele yake, pale mawimbi makubwa yanapokatika, kuna mwamba wa matumbawe unaotoka ncha ya kusini mpaka ncha ya kaskazini. Wavumani hawauiti mwamba. Wanamwita Bibi, kwa kuwa ndiye anayezuia bahari isiingie vyumbani mwao, na samaki wao wote hukulia mapajani mwake. Siku niliyofika, kila niliyempa mkono alinipa pole. Nikauliza nani kafa. Wakaniambia Bibi.

Nikauliza amezikwa wapi. Wakanipeleka Uwanja wa Tanzia. Ni mahali pazuri, pana kivuli na viti vya mawe vilivyochongwa vizuri, na wageni kutoka nchi nyingine huja kukaa pale wakalia. Nilichokiona haraka, kwa kuwa ni kazi yangu kutazama vitu vilivyojengwa, ni kwamba viti vyote vimeipa bahari mgongo. Vinatazama jukwaa la mpiga mbiu. Nikamwambia karani aliyekuwa akinitembeza kwamba fundi amekosea, mtu akikaa hapa hamwoni marehemu. Akanijibu kwa upole kwamba hakuna aliyewahi kulalamika.

Ni huyo karani aliyenieleza jinsi habari zinavyotoka. Vumani habari hazisomwi, hupigwa ngoma, na ngoma ni mbili tu: ya tanzia na ya shangwe. Nikauliza habari ya kati na kati hupigiwa ngoma gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa soko la kuuzia upepo. Akasema habari ya kati na kati si habari, ni maisha, na maisha kila mtu anayo kwake.

Tena si kila habari hufika kwenye ngoma. Kwanza hupitishwa kwa Bi Sikudhani. Huyu ni mama mnene, mcheshi, anayekaanga maandazi kando ya lango la Wizara ya Mbiu. Mkuu wa Mbiu, Bwana Lukumbi, husimama upande mmoja wa karai, mpiga mbiu upande wa pili, habari husomwa, na wote hutazama mafuta. Bi Sikudhani akipitiwa na maandazi yakaungua, habari imefaulu. Yakitoka mazuri, habari inarudishwa kwa mwenyewe akaitengeneze. Kwa hiyo Wavumani hula maandazi mazuri siku ambazo hakuna habari.

Miaka ya nyuma maji yalipata joto lisilo la kawaida, Bibi akapauka. Sehemu kubwa ya mwili wake ikawa nyeupe. Wapiga mbizi walikwenda wakarudi na maneno marefu: huku amekufa, kule anapumua, pale penye mkondo bado ana rangi, joto likipungua huenda akarudi, na mifereji ya maji machafu ikizibwa huenda akarudi upesi zaidi. Maneno hayo alipewa Chande, mpiga mbiu mkubwa wa nchi, akayafikisha kwenye karai. Maandazi yalitoka mazuri mno. Bwana Lukumbi akala moja, akasema habari hii haina meno. Akaifupisha, ikawa: Bibi yu mahututi. Maandazi yakaungua kidogo pembeni. Akaifupisha tena, ikawa: Bibi amefariki. Bi Sikudhani akabaki ameshika mwiko hewani, na karai zima likawa makaa.

Bwana Lukumbi si mtu mbaya, na sitaki msomaji amwone hivyo. Alinieleza mwenyewe, macho yakiwa mekundu, kwamba alitaka watu washtuke ili wamsaidie Bibi. Na walishtuka. Chande alipanda jukwaani, akapuliza siwa, baragumu lake la pembe, akatoa ile mbiu kwa sauti ambayo mpaka leo watu wakiisimulia hushika vifua. Nchi nzima ililia. Watoto wa kike wengi waliozaliwa mwezi ule wanaitwa Majonzi.

Kosa lilikuja baada ya machozi. Vumani mtu akishaliliwa, mambo mawili hufuata. La kwanza, haruhusiwi kutibiwa tena, kwa sababu kumtia maiti dawa ni kumfanyia mzaha. La pili, hurithiwa. Baraza likampima Bibi kwa kamba likamgawa, kila ukoo fungu lake. Wakaenda na mitaimbo, wakamvunja, mawe wakayachoma tanuri, ikatoka chokaa nyeupe ninayoijua mimi, ile laini isiyopasuka ukutani. Sehemu nyingi zilizokuwa zikipumua ziliacha kupumua chini ya mtaimbo. Na kila fungu lililovunjwa lilizidi kuthibitisha kwamba mbiu ilisema kweli, na Chande akazidi kuheshimiwa.

Wapo waliobisha. Mtu mmoja alivua changu wanene karibu na mkondo, akasema maiti gani anayezaa samaki. Wenzake wakajenga uwanja wao upande wa pili wa mji, wakapiga ngoma ya shangwe, wakatangaza kwamba Bibi yu buheri wa afya, wala hajapata hata kuumwa kichwa. Kwa hiyo mifereji yao ya vyoo wameielekeza kwake, wakisema mwenye nguvu hasumbuliwi na uchafu. Viwanja hivi viwili vinachukiana sana. Nilikaa huku na kule, nikaona kwamba kuna jambo moja tu wanalokubaliana: hakuna haja ya mtu kwenda kutazama.

Chokaa niliyoitaka haikuwapo. Wachoma chokaa waliniambia nisubiri kidogo, kuna fungu moja limebaki halijavunjwa, lipo penye mkondo, na sheria inasema mrithi asiyelitumia fungu lake hunyang'anywa. Baraza lilikuwa karibu kukaa. Mrithi mwenyewe ni mwanamke anayeitwa Mwatime. Nikauliza nitalala wapi wakati nikisubiri. Wakanielekeza nyumba inayopokea wageni, nyumba ya Chande. Nilipofika ndipo nikajua kwamba Mwatime ni mke wake.

Chande ni mrefu, mweupe wa ndevu, na sauti yake ni ile ile nje na ndani. Siku ya kwanza mezani alinyanyua uso, akatazama ukuta, akasema taratibu, "Ndugu zangu, chumvi imetutoka." Nilitaka kusema innalillahi. Mwatime akasukuma kibakuli cha chumvi mbele yake bila kumtazama. Baadaye nikaona kwamba hivyo ndivyo wanavyoishi. Mume hutangaza, mke husukuma kibakuli. Hawagombani. Chakula chake hufunikwa vizuri, kanzu zake hupigwa pasi, lakini maneno kati yao yalikuwa yamepungua mpaka yakabaki ya kazi tu.

Asubuhi Mwatime huondoka na majamvi begani. Nilimfuata siku moja maji yalipokuwa yametoka, nikamkuta amezama mpaka kiunoni anafunga jamvi juu ya maboya ili jua la saa sita lisipige moja kwa moja. Nikamwambia wazi kwamba mimi ni mnunuzi wa chokaa, na chokaa yangu inasubiri yeye ashindwe.

Akacheka. "Afadhali wewe umesema," alisema. "Wengine wananiletea samaki na kuniuliza hali, kumbe wanapima fungu kwa macho. Shika pembe hiyo, fundi, mkono usikae bure."

Nikashika. Akanipa kioo cha kutazamia chini ya maji, nikainama. Sijui msomaji alitarajia nini. Mimi nilitarajia ama makaburi ama bustani. Nikaona kitu kama mkono wa mtu aliyeungua: hapa kovu jeupe, hapa pamefunikwa na majani ya bahari kama uchafu wa sufuria, na katikati ya hayo pana vidole vya rangi ya kahawia na zambarau, vizima, na samaki pono anavitafuna pembeni kwa kelele kama mtu anayetafuna bisi. Kulikuwa na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mwenye miiba, anayekula matumbawe. Mwatime alimtoa kwa kijiti, akamtia kwenye ndoo, akaendelea na jamvi.

Nikamuuliza kama Bibi atapona. Akasema hajui. Joto likirudi mwaka ujao kama lile, alisema, majamvi haya hayatazuia kitu, na yeye atakuwa amefanya kazi ya bure. Akasema pia kwamba majamvi yanafunika pahali padogo, na kwamba ugonjwa wenyewe unatoka mbali, kwa watu wasiomjua hata jina. Alisema haya yote bila kulia. Nikaona kwa nini karai la Bi Sikudhani lisingeungua.

Wakati tunarudi nikamuuliza kwa nini basi anajisumbua. Alijibu tulipokanyaga mchanga.

"Mama yangu alipolala miaka minne na ubavu mmoja umekufa," alisema, "hakuna aliyeniuliza atapona lini ndipo nimwogeshe."

Sheria ya Vumani ina mlango mmoja. Mbiu ya tanzia inaweza kufutwa na yule yule aliyeitoa, sharti alete habari nyingine iliyofaulu kwenye karai. Mwatime alikuwa amemwomba mumewe mara nyingi, kisha akaacha kumwomba. Mimi, kwa kuwa sina adabu ya kunyamaza, nilimuuliza Chande tukiwa tunakunywa kahawa barazani: Bwana Chande, wewe Bibi ulimwona kwa macho yako?

Hakukasirika. Alisema kazi ya mpiga mbiu ni kubeba, si kuchungulia. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba maji humtisha tangu utotoni na hajawahi kupita magotini. Akaniambia nisidhani hajui. Kila jioni mkewe anaporudi na chumvi mwilini, yeye anajua. Lakini kuna wanawake waliozaa wakilia kwa sauti yake. Kuna mzee aliyemshika mkono akamwambia, umenisaidia kulia hata niliowakosa zamani. Afanyeje sasa, aende kwa watu hao awaambie machozi yao yarudishwe?

Siku iliyotangulia Baraza, alasiri, Bwana Lukumbi alikuja na pakacha la machungwa. Alikaa na sisi watatu barazani. Alisema amemhurumia Mwatime na ameleta njia. Chande asitangaze ugonjwa, kwa sababu ugonjwa hautaunguza kitu. Atangaze kwamba Bibi amefufuka. Akasema yeye mwenyewe amekwisha kuijaribu habari hiyo kwa siri, anayo hakika maandazi yataungua mpaka karai litoboke. Ngoma ya shangwe itapigwa, mirathi itafutwa, fungu litapona, na Chande atapendwa mara mbili.

Nakiri ilinipendeza. Hata chokaa niliisahau. Chande alimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayenyoosha mkono kushika kamba.

Mwatime alimenya chungwa lote kwanza. Kisha akasema, "Bwana Lukumbi, akifufuka leo, kesho na hawa wa upande huu wataelekeza vyoo vyao kwake. Mtu aliyefufuka nani atamtilia kivuli?"

Bwana Lukumbi akasema watu wanahitaji matumaini. Mwatime akasema matumaini hayo watu wa upande wa pili wanayo tayari, kawatazame. Halafu akamgeukia mumewe, na hapo ndipo nilipomsikia akimwita kwa jina la nyumbani.

"Baba Saumu. Saumu alipougua surua, ulipuliza siwa?"

Chande akatikisa kichwa.

"Ulifanya nini?"

"Nilimpepea."

"Na watu walipokuja kuuliza?"

"Niliwaambia kalala, kaamka, kanywa uji, kautapika. Niliwaambia kama ilivyokuwa."

"Basi," alisema Mwatime, akampa nusu ya chungwa. Saumu ni binti yao. Alipona, ameolewa mbali. Bwana Lukumbi aliaga akaacha pakacha lake.

Baraza lilikaa asubuhi karibu na lango la Wizara, ili karai liwe karibu. Mjadala ulikuwa wa heshima na nitautaja kwa ufupi. Mzee mmoja alitaka kujua kama kumtia marehemu kivuli si uchawi. Mwingine alijibu kwamba uchawi ni kumtia marehemu kivuli na akakubali, na Mwatime mwenyewe hajasema kama Bibi amekubali. Mjumbe wa watu wa shangwe alisimama akasema kivuli ni matusi kwa mwenye afya. Mwenyekiti aliuliza iwapo Bibi akionekana ni mgonjwa, je, wale waliojenga nyumba kwa chokaa yake watakuwa wanaishi ndani ya mtu aliye hai? Kwa kuwa swali hilo hawakulipenda, waliamua kwamba halikuulizwa. Ndipo wakamwita Chande.

Alikwenda kwenye karai na siwa kwapani. Bi Sikudhani alikuwa amepanga maandazi mabichi kwenye sinia, foleni ya wanunuzi nyuma yake, watoto wa shule, makuli, na wachimbaji wa fungu wenyewe na mitaimbo yao. Mafuta yalichemka. Akatumbukiza ya kwanza. Bwana Lukumbi alimkonyeza Chande kumkumbusha la jana.

Chande alifungua kinywa kwa ile sauti kubwa. "Ndugu zangu wa Vumani," alisema, na mwiko wa Bi Sikudhani ukasita, na nyuma yangu mwanamke akaanza kutafuta leso. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja lilitosha, lolote kati ya mawili.

Akamtazama Mwatime aliyesimama kando na ndoo yake. Halafu akaliweka siwa chini, kwenye vumbi, akaanza upya kwa sauti ya mtu anayezungumza mlangoni mwa chumba alimolala mtu.

"Bibi hakufa," alisema. "Niliwaambia amekufa, sikuwa nimemwona. Na mzima si mzima. Anaumwa. Kusini tumeshamvunja, huko hakuna la kufanya. Penye mkondo anapumua, mke wangu anamtilia kivuli saa za jua. Kuna mahali amerudiwa na rangi kidogo, kuna mahali juzi amepauka tena. Uchafu wa mifereji unamzidishia. Joto likirudi huenda tukampoteza, na huenda asife. Sina zaidi ya hayo. Nimekuja kuwaambia anaendeleaje."

Bi Sikudhani aligeuza maandazi. Akayageuza tena. Akayaopoa moja moja, akayakung'uta mafuta, akayapanga kwenye sinia. Yalikuwa na rangi ya asali. Bwana Lukumbi aliyatazama kwa muda mrefu, akafuta macho, akatangaza kwamba habari imeshindwa. Mbiu ya zamani inabaki, fungu la Mwatime litachukuliwa kesho yake asubuhi, na Chande si mpiga mbiu tena. Alilichukua siwa mwenyewe, akalipangusa vumbi kwa shati lake. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walinunua maandazi.

Lakini Bi Sikudhani, wakati anamfungia mteja, alimuuliza Chande, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Sasa anakula nini?"

Chande hakujua. Akamtazama mkewe. Mwatime akasema jua kidogo, si jingi, na vidudu vya majini, na maji safi. Bi Sikudhani akasema kumbe. Mmoja wa watoto wa shule akauliza anaumwa wapi hasa. Kuli mmoja akauliza kama anasikia maumivu. Mwatime akasema hilo hajui. Foleni haikusogea kwa muda, si kwa sababu ya kilio, bali kwa sababu kila mtu alikuwa na kaswali kake, na kila jibu lilikuwa fupi, na nusu ya majibu yalikuwa sijui. Kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona Wavumani wamesimama wameuelekea upande wa bahari.

Asubuhi yake wachimbaji walikuja na mashua. Walipofika penye mkondo walimkuta Bi Sikudhani kwenye maji mpaka mapajani, kanga imefungwa juu, maandazi kwenye kitambaa kichwani. Alikuwa na wanawake wanne na wale watoto wa shule. Walikuwa wamekuja kumjulia hali. Wavumani hawajui sana mambo ya matumbawe, lakini kumjulia hali mgonjwa wanakujua tangu kunyonya. Mtu haingii kwa mgonjwa kwa kelele. Unabisha hodi, unakaa kidogo, unauliza, unasikiliza, unaacha ulichobeba, unaondoka.

Sheria iliwaruhusu wachimbaji kuanza pale pale. Nilikuwa karibu, niliwaona. Walisimama na mitaimbo mkononi, wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaificha nyuma ya migongo kama watu waliokutwa na kitu cha aibu. Mkubwa wao, mtu wa mabavu anayeogopwa mjini, alikohoa. Alishindwa kupita mbele ya wageni wa mgonjwa bila kusema neno.

"Ameamkaje?" aliuliza.

"Yupo yupo tu," alijibu Mwatime. "Ahsante kwa kuja."

Wakageuza mashua. Bwana Lukumbi aliletewa taarifa, akatafuta kifungu cha sheria kinachowalazimisha watu kuvunja mbele ya wageni. Kifungu kipo, alisema, ila hakupata mtu wa kukitekeleza. Kwa hiyo ikawa hivyo. Fungu ni la wachimbaji kwa haki zote, na kila asubuhi wanakuja kulichukua, na kila asubuhi wakimkuta mgeni wanauliza hali na kurudi.

Chande aliingia majini siku ya tatu. Mwatime alimshika mkono, mimi nikashika wa pili. Alipofika kiunoni alituachia mikono. Akainama na kioo. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa. Alipoinuka sikujua kama uso wake umelowa kwa bahari au kwa machozi, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mama Saumu, ni mdogo kuliko nilivyomtangaza." Mwatime akasema ndiyo, ni mdogo. Tangu siku hiyo wanakwenda pamoja, naye ndiye anayewajibu wageni.

Ningependa kumaliza hapo, lakini nimeahidi kusema nilichoona. Wageni walipungua. Siku za mwanzo maji yalijaa watu. Halafu wakawa wachache, halafu Bi Sikudhani na mwingine mmoja. Si kwamba hawampendi. Watu wana kazi, na mgonjwa wa muda mrefu huchosha hata wanawe. Tena uwanja wa shangwe ulitangaza kwamba Bibi hajapata kuumwa, ndiyo maana Chande kafutwa kazi, na uwanja wa tanzia ukapata mpiga mbiu mpya mwenye sauti nzuri, akawatangazia kifo cha mnazi mkubwa wa kaskazini.

Siku yangu ya kuondoka ilifika nikiwa bila chokaa. Bi Sikudhani alikuwa na mjukuu mwenye homa, hakuja. Jua lilikuwa limepanda. Wachimbaji wamekaa mchangani, mitaimbo magotini, wanatazama njia ya mjini. Hakuna aliyekuwa akija. Mkubwa wao alisimama akajinyoosha, akaanza kukunja suruali. Kule majini niliwaona wale wawili, mume na mke, wameshika jamvi kila mmoja pembe yake, hawakugeuka.

Nikatua mzigo. Nikavua viatu, nikaingia majini na nguo zangu za safari, nikapita mbele ya mkubwa wa wachimbaji, naye akasimama kunipisha. Nilipowakaribia nikabisha hodi, kama inavyotakiwa.

"Karibu, fundi," alisema Chande.

Nikauliza mgonjwa anaendeleaje.

Chande aliinama kwenye kioo, akatazama vizuri, bila haraka, kisha akainuka.

"Leo hajambo kidogo," alisema.

Nikashika pembe ya tatu ya jamvi. Nyuma yangu nikawasikia wachimbaji wakikusanya vyuma vyao kwenye mashua, taratibu, kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa.